Ninaendesha vizuri nikiwa na mwalimu, lakini mbele ya mtahini mguu unatetemeka: nifanyeje?

Mama Upendo (Leicester)

Habari zenu ndugu zangu. Ninaomba ushauri kwa wale waliojifunza gari wakiwa watu wazima hapa Uingereza, na hasa kwa wale ambao woga wa mtihani uliwasumbua kuliko gari lenyewe.

Nina umri wa miaka 46. Nilipokuwa Dar es Salaam sikuwahi kushika usukani, kwa kuwa daladala za Mbagala zilinifikisha kazini na kunirudisha, na gari halikuwa jambo la kufikiria. Huku ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, na wanaoijua kazi hiyo wanafahamu kwamba asiye na leseni hupewa zamu za mitaa ya karibu tu, au hutembea kwa miguu kutoka nyumba hadi nyumba gizani wakati wa baridi. Leseni kwangu ni suala la riziki.

Mtihani wa nadharia nimeshaufaulu, maswali 50 ambayo ni lazima upate angalau 43, pamoja na zile video 14 za kutambua hatari ambazo alama za kufaulu ni 44 kati ya 75. Tatizo langu liko barabarani. Nikiwa na mwalimu ninaingia kipilefti bila wasiwasi, ninaegesha kwa kurudi nyuma, ninapishana na mabasi kwenye mitaa myembamba. Siku ya mtihani, mara tu mtahini anapofunga mlango na kufungua kompyuta yake ndogo, mguu wa kushoto huanza kutetemeka juu ya klachi kiasi kwamba gari linaondoka kwa kurukaruka. Safari iliyopita gari lilinizimikia kwenye makutano, nikaliwasha kwa haraka nikaondoka, na mtahini akalazimika kukanyaga breki ya upande wake kwa sababu kulikuwa na gari linalokuja kutoka kulia. Baada ya hapo sikumbuki vizuri nilivyorudi kituoni.

Sasa nina tarehe nyingine, ambayo bado iko mbele kwa wiki kadhaa. Je, ni busara kuiahirisha? Nihamie gari la otomatiki ili niachane na klachi? Je, inafaa kumwambia mtahini kwamba nina woga, au nitajiharibia? Mfanyakazi mwenzangu ameniambia ana vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo na yuko tayari kunigawia. Pia mume wangu, ambaye ana leseni ya hapa kwa miaka mingi, anataka kunifanyisha mazoezi jioni, ila tukikaa garini pamoja tunaishia kugombana. Nitashukuru kwa ushauri wowote wa kweli.

Mwalimu wa Usukani (Coventry)

Dada Mama Upendo, pole sana, na hongera kwa kufaulu nadharia, kwa maana tangu Aprili 2014 mtihani ule haufanyiki tena kwa lugha za kigeni wala kwa mkalimani, na watu wengi wa kwetu hukwama hapo hapo. Nimefundisha watu wazima wengi, na ninakuambia kwa uhakika kwamba maelezo yako si ya mtu asiyejua kuendesha. Ni maelezo ya mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi ya kuharibikiwa.

Tuanze na kilichokuangusha. Gari kuzimika, peke yake, kwa kawaida ni kosa dogo. Mtihani unakuruhusu makosa madogo hadi 15 na bado ukafaulu; kinachokuangusha ni kosa moja tu zito au la hatari. Kwa hiyo gari lilipozimika ulikuwa bado hujapoteza chochote. Kilichokuangusha ni zile sekunde chache zilizofuata, ulipoharakisha kuliwasha ili yule wa nyuma asikupigie honi na mtahini asikuone dhaifu, ukaondoka bila kuangalia kulia. Sijui mwalimu wako amekufundisha nini kuhusu jambo hili, lakini wengi wetu huwafundisha wanafunzi jinsi ya kutozimisha gari, na hatuwafundishi la kufanya likishazimika.

Mwombe mwalimu akupeleke kwenye barabara tulivu, na uzimishe gari kwa makusudi. Kanyaga breki, vuta breki ya mkono, kanyaga klachi, washa, weka gia ya kwanza, kisha anza kuangalia upya kana kwamba ndiyo kwanza umefika kwenye makutano hayo: kulia, kushoto, vioo, kulia tena. Ondoka pale tu njia inapokuwa wazi. Rudia katika kila somo, kwenye mlima, kwenye mataa, kwenye kipilefti chenye magari machache, mpaka kuzimika kwa gari kukuchoshe badala ya kukutisha. Mtu asiyeogopa gari kuzimika, mguu wake wenyewe hutulia.

Jambo la pili ni ukimya. Mwalimu huzungumza muda wote, na hata anaponyamaza unaujua uso wake. Mtahini hutoa maelekezo kwa sentensi fupi zilezile, kisha hukaa kimya, na mwanafunzi huujaza ukimya ule kwa mawazo mabaya. Tafuta mwalimu mwingine usiyemfahamu, mwenye ile beji ya kijani ya mwalimu aliyesajiliwa kwenye kioo cha mbele, umlipe akufanyie mtihani wa majaribio kamili: dakika 40 hivi, akiandika bila kukuonyesha na bila kukusaidia, akianza na kukusomesha namba ya gari lililo umbali wa mita 20 kama ilivyo siku yenyewe. Ukiweza, rudia na mwalimu wa tatu. Ni gharama, lakini mtihani wenyewe ni pauni 62 siku za kazi na 75 jioni na mwishoni mwa wiki, na ukiufeli unasubiri siku 10 za kazi kabla ya kuruhusiwa kuurudia, ukiacha foleni ya miezi ya kupata nafasi.

Kuhusu kuandika kwake: usijaribu kusoma vidole vya mtahini. Kosa dogo huandikwa vilevile kama kosa kubwa. Hata kosa likitokea huwezi kujua amelipima vipi, na nimewaona wanafunzi waliokuwa wamekwisha kukata tamaa katikati ya njia wakirudi kituoni wakiwa wamefaulu. Katika zile dakika 20 za kuendesha bila kuelekezwa hatua kwa hatua, ukifuata kifaa cha ramani au vibao, kupotea njia si kosa ikiwa umepotea kwa usalama. Akikuambia kulia nawe umeshaingia njia ya kushoto, nenda kushoto kwa utulivu na indiketa yako sahihi. Atakurudisha. Wanaoanguka ni wale wanaokata kulia ghafla kwa kuogopa kumwasi. Na ndiyo, mwambie kwamba una woga. Amezoea kusikia hivyo, na usiposikia maelekezo vizuri una haki ya kumwomba arudie.

Sasa otomatiki. Wapo waalimu watakaokuambia kwamba kuhamia otomatiki ni kukimbia. Mimi sikubaliani nao. Ukifaulu kwa otomatiki leseni yako haitakuruhusu kuendesha gari la gia za mkono, hilo ndilo la kulipa. Kwa kazi yako, ukitumia gari lako mwenyewe, kizuizi hicho ni kidogo, na magari ya umeme yanayozidi kuongezeka barabarani yote hayana klachi. Lakini kwa sasa una wiki chache, na mwili wako umeshazoea gari hili. Fanya kwanza mazoezi ya kuzimisha gari niliyokueleza. Baada ya masomo kama manne hivi, ikiwa mguu bado unatetemeka hata ukiwa na mwalimu asiyekujua, hamia otomatiki bila kuona haya.

Tarehe usiiguse haraka. Angalia kalenda: tangu Aprili 2025, ukitaka kuahirisha bila kupoteza ada ni lazima utoe taarifa ya siku 10 kamili za kazi. Weka alama siku ya 12 ya kazi kabla ya mtihani, ufanye mtihani wa majaribio kabla ya siku hiyo, na matokeo yake ndiyo yaamue.

Muuguzi Mstaafu (Leeds)

Mama Upendo, nitazungumzia vidonge kwanza kwa sababu hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Tafadhali usipokee dawa ya mtu mwingine. Dawa zinazotumika zaidi kwa jambo hilo, kama propranololi, hutolewa na daktari baada ya kuuliza maswali, na moja ya maswali hayo ni kama una pumu, kwa maana kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa na kumhatarisha. Inaweza pia kushusha presha na mapigo ya moyo kupita kiasi, ukahisi kizunguzungu au uchovu. Sheria ya hapa inamhesabia kosa mtu anayeendesha akiwa hajimudu kwa sababu ya dawa, hata kama dawa hiyo ameandikiwa. Ukiona woga umezidi, nenda kwa daktari wako umweleze wazi. Akikuandikia, jaribu siku ambayo huendeshi, uone mwili wako unavyoipokea. Na zile dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi ziache kabisa siku hiyo.

Kuhusu kutetemeka, ni vizuri uelewe kinachotokea, kwa sababu wengi hudhani ni dalili ya kutoweza. Mwili ukihisi unahukumiwa hutoa homoni ya adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono kana kwamba unataka kukimbia. Wewe umekaa kitini, na kazi unayoitaka misuli hiyo ifanye ni kuachia klachi taratibu, kidogo kidogo. Nguvu ile haina pa kwenda, ndipo mguu unapotetemeka. Kwa hiyo kabla ya mtihani itumie: tembea kwa haraka dakika kumi au kumi na tano kuzunguka mtaa wa karibu na kituo, kisha uingie ndani ya gari. Ukiwa umeketi, kaza misuli ya mapaja kwa nguvu, hesabu hadi tano, achia, rudia. Halafu pumua kwa namna ambayo kutoa pumzi kunachukua muda mrefu kuliko kuivuta: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya saba. Usifanye hivyo mara moja tu asubuhi ya mtihani ukategemea miujiza. Fanya kila siku kuanzia leo, na ufanye kila unaposimama kwenye taa nyekundu wakati wa masomo, ili siku yenyewe mwili uitambue taa nyekundu kuwa ni mahali pa kutulia.

Kula. Nimewaona watu wakienda kwenye mtihani na kikombe cha kahawa kali tu tumboni, kisha wanashangaa mikono inatetemeka. Uji, mkate, ndizi, chochote ambacho tumbo lako limekizoea. Ikiwa unafunga, na tarehe imeangukia Ramadhani, omba nafasi ya asubuhi mapema baada ya daku badala ya alasiri. Usifanye zamu ya usiku kabla ya mtihani; ninajua ilivyo vigumu kumwambia msimamizi, lakini usingizi hauna mbadala.

Jambo la mwisho ni la kwetu sisi. Usimtangazie kila mtu tarehe yako. Sisi tunapenda kumwombea mtu na kumtakia heri, na nia ni njema, lakini ukiingia garini ukijua kwamba kundi zima la WhatsApp la ukoo, kuanzia Leicester hadi Mbagala, linasubiri picha ya cheti, umejibebesha watahini wengine thelathini. Mwambie mtu mmoja tu, yule ambaye ukifaulu au ukifeli atakupikia chai ileile.

Baba Salim (Reading)

Nawaunga mkono waliotangulia. Mimi ningependa kujibu kuhusu mazoezi na mume, kwa sababu hilo tulilipitia nyumbani kwetu, mke wangu akiwa mwanafunzi na mimi nikiwa pembeni.

Kwanza hakikisheni mambo ya kisheria yamekaa sawa. Anayemsimamia mwanafunzi ni lazima awe na zaidi ya miaka 21 na awe ameshikilia leseni kamili kwa miaka 3, na leseni hiyo iwe ya Uingereza au ya baadhi ya nchi za Ulaya. Leseni yangu ya Kenya, ambayo mgeni anaruhusiwa kuendeshea hapa kwa miezi 12 tangu aanze kuishi huku, haikuhesabika katika hilo hata kidogo. Bima nayo ni lazima imtaje mwanafunzi, na vibao vya L viwekwe mbele na nyuma. Msimamizi haruhusiwi kushika simu akiwa pembeni yako, hata kama si yeye anayeendesha.

Ama ugomvi, kwetu ulikwisha tulipokubaliana kabla ya kuwasha gari. Njia tuliipanga mezani, ikiwa na jambo moja tu la kufanyia mazoezi jioni hiyo, kwa mfano kuegesha sambamba na ukingo, basi. Ndani ya gari nilikuwa na ruhusa ya kusema mambo mawili: maelekezo ya njia, na neno la kusimama pakiwa na hatari. Mengine yote niliyaweka moyoni mpaka tuegeshe, na mara nyingi tulipoegesha yeye mwenyewe aliyataja kabla yangu. Na maelekezo ya njia nilimpa kwa Kiingereza, kwa maneno yale yale ambayo mtahini huyatumia. Alikuwa amezoea kunisikia nikisema "kata kushoto hapo mbele", na Kiingereza cha mtahini kilipomfikia akiwa na hofu, kilichelewa kueleweka kwa nukta moja au mbili, ambazo kwenye makutano ni nyingi. Mama Upendo, kama nawe unahisi hivyo, anzeni leo.

Ninaongeza tahadhari moja. Mume wako ameendesha miaka mingi, na dereva wa miaka mingi ana tabia ambazo mtahini hazipendi. Mimi mwenyewe nilitoka Mombasa nikiwa nimezoea kuangalia mbele kwa makini sana, kwa sababu tuktuk na bodaboda huchomoka popote, na vioo nikavitazama kwa nadra. Mtahini wa hapa anataka aone kichwa na macho yako yakienda kwenye vioo kabla ya kila badiliko la mwendo au mwelekeo. Mambo ya namna hiyo msikilize mwalimu wako, na mume awe msaidizi wa kukuongezea saa za barabarani.

Mzee wa Bukavu (Birmingham)

Mimi nimetoka Kongo, ambako tunaendesha upande wa kulia, na nilianza kujifunza upya hapa nikiwa na zaidi ya miaka 50. Nikipatwa na hofu, macho yangu yalikuwa yanakimbilia kushoto kwanza, kule nilikozoea kutazama, wakati kwenye mizunguko ya hapa anayepewa nafasi ni yule atokaye kulia. Dada yangu, wewe umekulia upande huu huu wa barabara, hata kama ulikuwa abiria, na macho yako yanajua gari linatokea wapi. Hiyo ni mali, usiidharau.

Kilichonisaidia mimi ni kusema kwa sauti ya chini yale ninayoyaona: mtoto pembeni, basi limewasha indiketa, taa imekuwa kijani kitambo na inaweza kubadilika. Nilimwuliza mtahini kabla kama ninaweza kunong'ona hivyo, akasema hakuna shida. Akili inayotaja vitu vya barabarani haipati nafasi ya kumfikiria mtahini.

Mama Upendo (Leicester)

Wapendwa, nimesoma kila neno, na mengine nimeyasoma na mume wangu, naye amekubali sharti la kunyamaza. Vidonge nimevikataa. Mwalimu amekubali kunitafutia mwenzake wa kunifanyia mtihani wa majaribio, na jana tumeanza kuzimisha gari kwa makusudi kwenye mlima. Mwanzoni nilihisi vibaya, baadaye nikaona ninaliwasha na kuangalia pande zote bila kukimbizana. Nina swali moja lililobaki: je, mwalimu wangu anaruhusiwa kukaa kiti cha nyuma wakati wa mtihani, na je, inasaidia?

Mwalimu wa Usukani (Coventry)

Anaruhusiwa, dada. Kituoni mtahini mwenyewe atakuuliza kama unataka aje nawe. Hatakiwi kusema wala kuashiria chochote njiani. Kama inasaidia, hilo linategemea mtu: wapo wanaotulia wakijua kuna anayewafahamu nyuma yao, na wapo wanaoanza kuwaogopa wawili badala ya mmoja. Lijaribu kwenye mtihani wa majaribio, mwalimu wako akae nyuma na yule mgeni mbele, utajua wewe ni wa aina ipi. Ikiwa hutamtaka njiani, mwombe angalau awepo mnaporudi, asikilize pamoja nawe maelezo ya mwisho, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye mtihani hukumbuka nusu tu ya anachoambiwa, na hiyo nusu nyingine ndiyo mtakayoifanyia kazi ikiwa itahitajika.